Bakteria wa Nchi za Baridi na Udongo Uliomwagikiwa Mafuta

Tarehe 29 Mei 2020, tangi la dizeli la kituo cha umeme karibu na mji wa Norilsk, kaskazini mwa Urusi, lilipasuka na kumwaga zaidi ya tani 20,000. Sehemu kubwa iliishia mitoni. Takribani tani 6,000 zilizama ardhini. Norilsk iko ndani ya eneo la Aktiki, ambako ukichimba kidogo tu unakuta ardhi iliyoganda mwaka mzima, na kiangazi ni cha wiki chache. Mafuta yaliyoingia mtoni huzuiwa kwa vizuizi vinavyoelea na kufyonzwa kwa pampu. Yaliyoingia ardhini ni shughuli nyingine kabisa. Unaweza kuuchimba udongo na kuubeba, unaweza kuuchoma kwenye tanuri, na ipo njia ya tatu ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza kwa nchi kama ile hudhani anataniwa: kuwaacha bakteria walioko kwenye udongo huohuo wayale mafuta, na kuwasaidia wayale haraka zaidi. Shaka hiyo inaeleweka. Sote tunajua kwamba chakula hakiozi ndani ya friji kama kinavyooza mezani, na kuoza ni kazi ya vijidudu. Kwa hiyo ardhi ya baridi kali huonekana kama ghala ambamo uchafu utahifadhiwa milele. Baridi inapunguza kasi, hilo halina ubishi. Lakini ukiufuatilia ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 30 kutoka Alaska, Kanada, milima ya Alpi na Antaktika, unagundua kwamba baridi imebebeshwa lawama nyingi zisizo zake. Mara nyingi kinachowakwamisha bakteria ni ukosefu wa naitrojeni, fosforasi, hewa na maji. Kwa anayepanga kazi, jambo hili linabadilisha kila kitu, kwa sababu majira ya baridi ya Siberia hayaondoleki, ilhali mbolea hubebwa kwenye magunia na udongo hugeuzwa kwa mashine.

Tuanze na bakteria wenyewe. Mwaka 1975 mwanabaiolojia wa Marekani Richard Morita alipendekeza mgawanyo ambao ungali unatumika. Wapo wapenda baridi halisi, wanaostawi kwenye nyuzi 15 za Selsiasi au chini ya hapo na wasioweza kukua joto likipita nyuzi 20 hivi. Na wapo wavumilia baridi, ambao hustawi zaidi kwenye joto la wastani lakini huendelea kukua hata kwenye nyuzi sifuri. Mtu angetegemea kwamba udongo wa Antaktika ni milki ya kundi la kwanza. Kwenye udongo uliomwagikiwa mafuta mambo si hivyo. Wengi wanaopatikana wakiyavunja mafuta ni wa kundi la pili, wa jamii kama Rhodococcus, Pseudomonas, Sphingomonas na Arthrobacter. Sababu yake inapendeza. Ardhi ya kule haikai kwenye baridi ya aina moja. Jua la kiangazi halizami kwa wiki nyingi, na udongo wa juu hupanda na kushuka joto ndani ya siku moja. Juu ya hayo, mafuta yenyewe huutia udongo weusi, nao weusi hula jua. Watafiti wa New Zealand waliopima maeneo yaliyochafuliwa karibu na kituo chao cha Scott Base walikuta kwamba mahali palipomwagikiwa mafuta huweza kuwa na joto la mchana linalozidi la udongo safi wa jirani kwa hadi nyuzi 10. Yaani uchafu unajitengenezea mazingira yanayompendelea adui yake. Tena ukomo wa uhai wenyewe uko mbali kuliko tulivyodhani: bakteria aitwaye Planococcus halocryophilus, aliyetolewa kwenye ardhi iliyoganda ya Aktiki ya Kanada na kuelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, hukua kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na dalili za kazi ndani ya seli zake zimeonekana hadi nyuzi 25 chini ya sifuri.

Wanawezaje? Shida ya kwanza ya baridi ni kwamba utando wa seli umetengenezwa kwa mafuta, na mafuta yakipoa hukakamaa, hivyo chakula hakiingii wala taka hazitoki. Bakteria hawa hubadilisha aina ya asidi za mafuta kwenye utando wao ili ubaki laini. Shida ya pili ni vimeng'enya, zile protini zinazofanya kazi zote za kikemia mwilini. Vya viumbe wa baridi vina umbo lililolegea kidogo, na ulegevu huo ndio unaoviwezesha kujikunja na kujikunjua pale ambapo nguvu ya joto ni ndogo. Gharama yake ni kwamba vinaharibika upesi vikipashwa. Shida ya tatu ni maji. Hata udongo ukishaganda, utando mwembamba sana wa maji yenye chumvi hubaki ukizunguka punje za udongo bila kuganda, na humo ndimo uhai unamoendelea. Kazi ya kuyavunja mafuta nayo si ya kimiujiza. Molekuli ya dizeli kwa sehemu kubwa ni mnyororo wa kaboni uliozungukwa na haidrojeni. Kimeng'enya hupachika atomu moja ya oksijeni kwenye ncha ya mnyororo, na mnyororo unageuka kuwa aina ya alkoholi. Hatua mbili zaidi unakuwa asidi ya mafuta. Kuanzia hapo bakteria anautafuna kaboni mbili kila mara, kwa njia ileile ambayo miili yetu huyeyusha mafuta ya chakula, hadi ibaki kaboni dioksidi, maji na seli mpya za bakteria. Zingatieni hatua ya kwanza: inadai oksijeni. Na zingatieni neno la mwisho: seli mpya. Seli haijengwi kwa kaboni peke yake. Inahitaji naitrojeni kwa ajili ya protini na fosforasi kwa ajili ya vinasaba.

Hapo ndipo penye fundo. Bakteria aliyezungukwa na dizeli amepewa gunia la unga bila maji wala kuni. Kaboni imemjaa hadi shingoni, lakini udongo wa Aktiki na wa milima mirefu una naitrojeni kiduchu, kwa sababu mimea ni michache na kuoza ni kwa polepole. Akimaliza akiba hiyo ndogo, anasimama. Rosa Margesin na Franz Schinner wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, walilipima jambo hili kwenye eneo la kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alpi, mita 2,875 juu ya usawa wa bahari, ambako udongo ulikuwa umechafuliwa kwa dizeli kwa muda mrefu. Waliuweka udongo kwenye vyombo vya kupimia vilivyoachwa palepale nje, vingine na mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu, vingine bila kitu, kuanzia Julai 1997 hadi Septemba 1999. Baada ya siku 780, udongo usio na mbolea ulikuwa umepoteza asilimia 50 ya mafuta, na ule wenye mbolea asilimia 70. Hali ya hewa ilikuwa moja, bakteria ni walewale, baridi ni ileile. Kilichotofautiana ni mbolea tu. Waandishi hao hawakuficha kwamba mafuta yaliyosalia bado yalikuwa mengi, nami nitalirudia hilo mbele. Majaribio ya Alaska yaliongeza tahadhari ambayo wakulima wetu wanaijua bila kufundishwa: mbolea ikizidi inaunguza. Chumvi zake huyavuta maji kidogo yaliyomo kwenye udongo, na bakteria wanakauka katikati ya neema. Katika udongo wa Barrow, pwani ya kaskazini ya Alaska, kiwango kidogo cha mbolea kiliamsha bakteria, na viwango vikubwa zaidi viliwarudisha nyuma. Kwa hiyo anayesema "tuliweka mbolea na haikusaidia kitu" aulizwe kwanza aliweka kiasi gani, na udongo wake ulikuwa na maji kiasi gani.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umetoka pwani, ingawa hoja yake inahusu udongo pia. Tarehe 24 Machi 1989, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, Alaska, na takribani lita milioni 40 za mafuta ghafi zikamwagika. Kati ya 1989 na 1991, fukwe zenye mafuta zilimwagiwa mbolea yenye karibu tani 50 za naitrojeni. Swali lililowasumbua wanasayansi lilikuwa la uthibitisho: mafuta yakipungua ufukweni, utajuaje kama yameliwa au yamesombwa na mawimbi? Jibu lao linastahili kutazamwa kwa karibu, maana bila hilo mjadala wote huu ungekuwa wa maneno matupu. Ndani ya mafuta ghafi kuna kiambato kiitwacho hopane, masalia ya utando wa bakteria wa kale, ambacho bakteria wa leo karibu hawakigusi. Mawimbi yakisomba mafuta, yanasomba hopane pamoja na vingine, hivyo uwiano kati yake na viambato vingine haubadiliki. Bakteria wakila, wanaacha hopane na kumaliza vingine, na uwiano unabadilika. Basi ukipima uwiano huo unajua mlaji ni nani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1994 vilionyesha kwamba bakteria walikuwa wanakula kwelikweli, na kwamba kasi yao ilitegemea sana naitrojeni iliyofika kwenye maji yaliyo kati ya changarawe. Pwani hiyohiyo ndiko zilikojaribiwa bidhaa za kibiashara za bakteria waliokuzwa viwandani, na zilishindwa kuleta nafuu yoyote iliyozidi ile ya mbolea. Kisha kukawa na somo la uchungu: miongo miwili baadaye, mafuta yalikuwa bado yamejificha chini ya baadhi ya fukwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulieleza kwamba maji yaliyoko kwenye tabaka hilo la chini yana oksijeni na virutubisho vichache mno. Tabaka la juu na la chini linatenganishwa na sentimita chache tu, baridi yao ni moja, lakini juu mafuta yaliisha na chini yakabaki. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba hewa na chakula vina uzito kuliko kipimajoto.

Hapa linazuka pingamizi la kwanza: kwa nini tuhangaike na bakteria wa kienyeji, wakati maabara zinaweza kutuletea mabingwa? Kwa Antaktika jibu ni la kisheria kwanza. Itifaki ya Mazingira ya Mkataba wa Antaktika, iliyotiwa saini Madrid mwaka 1991 na kuanza kutumika 1998, inakataza kuingiza viumbe wageni bila kibali, na vijidudu vimo. Lakini hata pasipo sheria, jibu la kibaiolojia lingekuwa lilelile. Aliyezoea chupa ya maabara, akilishwa sukari kwenye joto la kudumu, akimwagwa kwenye changarawe zinazoganda usiku na kuyeyuka mchana hana uzoefu wa mazingira hayo, na anawakuta wenyeji waliokwisha kuchujwa na hali hiyo kwa maelfu ya miaka. Wenyeji hao wanaongezeka wenyewe mafuta yakimwagika: katika udongo wenye dizeli wa kituo cha kijeshi cha Alert, kwenye Kisiwa cha Ellesmere, karibu kilomita 800 tu kutoka Ncha ya Kaskazini, watafiti wa Kanada waliona vinasaba vya kuvunja mafuta vikiongezeka baada ya udongo kurundikwa na kutiwa mbolea. Methali ya mgeni njoo mwenyeji apone haifanyi kazi hapa. Mwenyeji anajiweza, anachokosa ni vifaa. Ipo hali moja tofauti ninayoikubali, ya kemikali ngeni ambazo asili haikuwahi kuzizoea, nayo nitaifikia.

Pingamizi la pili ni la muda. Zaidi ya miaka miwili kule Alpi kwa asilimia 70! Mkandarasi mwenye makatapila angeumaliza udongo huo kwa siku chache. Ni kweli, lakini tuangalie anaumaliza kwa maana gani. Anauhamisha. Udongo wa Antaktika ukichimbwa unapaswa kusafirishwa kwa meli kuvuka bahari zenye dhoruba kuliko zote duniani, ukatupwe au ukachomwe katika nchi nyingine, na shimo linaloachwa linaifunua ardhi iliyoganda kwa jua, inayeyuka, inadidimia, na mafuta yaliyokuwa yamenaswa huanza kutembea na maji. Mafuta ya meli na ya tanuri nayo yanaungua. Australia ilipokabiliwa na udongo uliomwagikiwa dizeli kwenye kituo chake cha Casey, ilichagua njia ya kati: udongo ulichimbwa, ukarundikwa palepale kituoni juu ya turubai maalumu lisilopitisha maji, ukatiwa virutubisho na kupitishiwa hewa, na maji yanayochuruzika yakakusanywa. Kazi hiyo imechukua misimu kadhaa ya kiangazi. Kituo kile kipo kwa miongo, wahandisi wake wapo, na udongo ukiwa umezuiliwa juu ya turubai haumdhuru yeyote wakati bakteria wakifanya kazi. Pale ambapo uchafu unaelekea kwenye kisima cha watu wiki ijayo, ningechukua katapila bila kusita. Mahali penye uchafu wa siku nyingi, mbali na makazi, na ambako usafiri una gharama kuliko kazi yenyewe, haraka haina wa kumfaidi.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo watetezi wa njia hii hulipita kwa mbio. Mafuta "yaliyopotea" si yote yaliyoliwa. Sehemu nyepesi ya dizeli huyeyuka hewani, hasa udongo unapogeuzwageuzwa, na sehemu nyingine husombwa na maji ya theluji. Hata ile asilimia 50 ya udongo usio na mbolea kule Alpi ina mchango wa upepo na maji ndani yake. Zaidi ya hapo, bakteria anaweza kuuvunja mnyororo nusu na kuacha viambato vya kati ambavyo kipimo cha kawaida cha jumla ya mafuta hakivioni, na ambavyo huyeyuka kwenye maji kwa urahisi kuliko dizeli yenyewe. Jibu si kuikataa njia, ni kuidai hesabu. Mradi wowote wa aina hii uwe na udongo wa kulinganishia, upime uwiano wa viambato kama ilivyofanyika Alaska, na mwishoni upime sumu kwa viumbe hai: minyoo inaishi? mbegu zinaota? Ripoti inayoleta asilimia moja tu ya mafanikio bila vipimo hivyo haijathibitisha chochote.

Na kuna uchafu ambao bakteria hawataumaliza. Risasi na zebaki ni elementi. Haziliwi, hubadilishwa umbo tu. Zile kemikali za povu la kuzimia moto viwanjani, zenye mnyororo wa kaboni na florini, hazijapata bakteria wa kutegemewa kazini hata kwenye nchi za joto. PCB, kemikali za viwandani zenye klorini, ziko katikati, na ndizo zinazonivutia zaidi. Wakati wa Vita Baridi, Marekani na Kanada zilijenga kati ya 1954 na 1957 mstari wa makumi ya vituo vya rada kuvuka Aktiki, na PCB zilizokuwa kwenye transfoma na rangi za majengo zikaingia udongoni, kisha kwenye chakula cha Wainuiti. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia walieleza bakteria kutoka udongo wa Aktiki wanaovunja baadhi ya PCB kwenye nyuzi 7, joto ambalo bakteria maarufu wa PCB wa maeneo ya joto huzembea. Ni ugunduzi halisi. Lakini kadiri molekuli inavyobeba klorini nyingi ndivyo inavyowashinda, na usafishaji wa vituo vile ulitegemea kwa sehemu kubwa kuuchimba udongo wenye PCB nyingi na kuusafirisha kusini. Ilikuwa sahihi kufanya hivyo. Kwa dizeli na mafuta mepesi, bakteria wawe chaguo la kwanza kwenye nchi za baridi. Kwa PCB, watumike kwa mabaki madogo baada ya udongo mbaya kuondolewa, na hapo ndipo kuongeza bakteria maalumu kunaweza kuwa na mantiki.

Wengine wanasema tusubiri tu, dunia inapata joto na kazi itakuwa rahisi. Joto lile lile linaloamsha bakteria linaiyeyusha ardhi iliyokuwa imeyashikilia mafuta na kubeba misingi ya matangi. Uchafu utaanza kutembea kabla haujaliwa.

Msomaji wa Tanga au Hoima anaweza kuona kwamba haya ni ya watu wa theluji. Kuna uhusiano mmoja wa kweli. Katika nchi za baridi, mafuta huwa mazito hadi bakteria wanashindwa kuyafikia, maana wao huyashambulia pale yanapogusana na maji tu. Bonge lina uso mdogo. Mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi kiasi kwamba huganda kwenye joto la kawaida la mazingira yetu, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa joto ili mafuta yabaki karibu nyuzi 50. Yakivuja, yatapoa na kugandamana na udongo wa Kagera au wa Singida. Joto la hewa yetu halitatuokoa na tatizo hilo. Tutahitaji yaleyale waliyojifunza wenzetu: kuvunjavunja mabonge, kugeuza udongo uingie hewa, kupima naitrojeni na unyevu, na kuwajua bakteria wenyeji. Vipimo hivyo vina maana vikichukuliwa kabla ya uchafu, kwani baada yake hakuna tena udongo safi wa kulinganishia mahali palepale. Chuo Kikuu cha Sokoine, Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vina maabara na watu wa kuifanya kazi hiyo kandokando ya njia ya bomba. Wamiliki wa bomba wailipie, na matokeo yawekwe wazi kwa vijiji vinavyopitiwa.